Jibu kwa bibi wa Tanga: mtoto mwenye usonji, macho na nyuso za watu

Bibi mmoja wa Tanga ameniletea swali kupitia kwa binti yake wa mwisho, ambaye aliliandika kama lilivyotamkwa. Analea mjukuu wa kiume wa miaka 7, ambaye mwaka jana hospitali ilithibitisha kuwa ana usonji (kwa Kiingereza, autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayobadilisha jinsi mtu anavyowasiliana na kuhusiana na watu. Mtoto huyu hamtazami mtu machoni. Nyumbani halikuwa jambo, kwa sababu bibi alilelewa akijua kuwa mtoto mwenye adabu hamkazii mkubwa macho. Shuleni, lakini, mwalimu humshika kidevu na kuuinua uso wake akimwambia, "Niangalie ninaposema nawe," na mtoto hupiga ukelele mpaka darasa zima linasimama. Kisha siku ya arobaini ya babu yake, bibi alipokuwa akilia, mtoto alimtazama mdomo, akacheka, akatoka, akarudi na tochi yake, akaiweka juu ya mapaja ya bibi na kwenda zake. Mashangazi waliokuwapo walisema mtoto huyu hana huruma. Bibi anauliza mambo matatu: je, mtoto haoni nyuso za watu? Je, ni kweli kwamba hana huruma? Na je, alazimishwe kutazama machoni ili azoee?

Shikamoo bibi, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kwa kuwa mtoto anaendelea kwenda shule kila siku, nitaanza na jambo la mwisho ulilouliza: hapana, asilazimishwe kutazama machoni, si nyumbani wala shuleni, na mwalimu aombwe kwa heshima aache kumshika kidevu kuanzia sasa. Mengine nitakayoyaandika ni ya kukueleza kwa nini nasema hivyo, na kujaribu kukuonyesha kile ambacho mjukuu wako huenda anakipata anapogeuzwa kwenye uso wa mtu.

Umegusa jambo ambalo vitabu vingi vya fani yetu ya kuwapima na kuwasaidia watoto hawa, kwa kuwa vimeandikwa Ulaya na Marekani, hulipita haraka. Huko, mtoto asiyemtazama mtu mzima machoni hutiliwa shaka mapema. Kwetu pwani, mtoto anayemkazia babu yake macho wakati anaonywa ndiye anayeitwa mtovu wa adabu. Kwa hiyo hukukosea kutoliona jambo hili mapema. Lakini ipo tofauti, na ukishaionyeshwa mara moja utaiona kila siku. Mjukuu asiye na usonji akiulizwa nani amevunja kikombe, ataangalia chini, atachora mchanga kwa kidole cha mguu, kisha atakuibia jicho upesi aone kama hasira imepungua. Ukilegeza uso kidogo tu, mabega yake yanashuka. Ameinamisha macho, lakini hajaacha kuupeleleza uso wako. Kule kuinama kwenyewe ni maneno anayokuambia wewe. Mtoto mwenye usonji mara nyingi haibi jicho hilo, kwa sababu hatarajii kulikuta jibu lake usoni pako.

Ndiyo maana tunapompima mtoto wa huku kwetu hatuhesabu tu mara alizotutazama. Tunaangalia kama anageuka kumwonyesha mama yake kitu kilichomfurahisha, kama anafuata kidole kinachoelekea kwenye ndege aliye juu ya mwembe, kama anaitika akiitwa jina. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Osterling na Dawson, walichunguza video za nyumbani za siku ambayo watoto walitimiza mwaka mmoja, wakalinganisha watoto ambao baadaye walikuja kuthibitishwa kuwa na usonji na wengine ambao hawakuwa nao. Yaliyowatenganisha yalikuwa ya namna hiyo hiyo: kutazama nyuso, kuonyesha kwa kidole, kumpelekea mtu kitu akione, na kuitikia jina. Macho lilikuwa jambo moja kati ya manne.

Kuhusu swali lako la kwanza, anaona. Macho yake yakipimwa na kukutwa mazima, basi uso wako unamfikia kama unavyomfikia mtoto mwingine. Kinachotofautiana ni sehemu ya uso anayoitazama na uzito anaoipa. Chukua jicho la mama mbele ya wageni, jambo ambalo hakuna mtoto wa pwani asiyelijua. Sahani ya maandazi iko mkekani, mtoto anapeleka mkono achukue la tatu, mama hasemi neno, anakata jicho tu, na mkono unarudi ulikotoka. Katika jicho lile mna katazo, na mna ahadi ya yatakayofuata wageni wakishaondoka. Mtoto mwenye usonji aliyeketi pale pale anaona andazi. Jioni anaadhibiwa kwa kuvunja amri ambayo kwake haikutolewa, na asipojua kosa lake, adhabu ile haimfundishi chochote isipokuwa kwamba watu hukasirika ghafla bila sababu. Nimesikia kisa cha namna hii kwa wazazi wengi sana, wakikileta kama ushahidi wa ukaidi.

Tunayo bahati kwamba siku hizi vipo vifaa vinavyofuata mwendo wa mboni na kuonyesha hasa mtu ametazama wapi. Mwaka 2002 Ami Klin na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha vijana 15 wenye usonji, na wengine 15 wasio nao, vipande vya filamu ya mwaka 1966 ambamo wanandoa wanagombana mbele ya wageni wao. Vijana wasio na usonji walikaa kwenye macho ya waigizaji. Wale wenye usonji walitazama zaidi midomo, miili, na vitu vilivyokuwa chumbani. Matokeo hayo yamenukuliwa sana, lakini mimi naona jambo kubwa zaidi la utafiti ule ni lile lisilosemwa mara nyingi: miongoni mwa vijana wenye usonji, waliotazama midomo zaidi walikuwa na uhusiano bora na watu katika maisha yao kuliko waliotazama vitu. Mdomo ndio uliokuwa mlango wao. Kwa hiyo bibi, mjukuu wako alipokutazama mdomo siku ile, alikuwa amekutazama.

Kwa nini wasiende kwenye macho? Hapa watafiti hawajaafikiana, na inafaa ujue pande zote mbili kwa sababu zinaelekeza matendo tofauti. Upande mmoja unasema macho ya watu huwazidi nguvu. Mwaka 2005 Kim Dalton na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walipiga picha za ubongo wa watu wenye usonji huku wakifuatilia wanatazama wapi, wakakuta kuwa kadiri walivyokaa kwenye macho ya watu waliokuwa pichani, ndivyo amigdala ilivyozidi kuchangamka. Amigdala ni sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoshughulika, pamoja na mambo mengine, na hofu na tahadhari. Mwaka 2017 Nouchine Hadjikhani na wenzake walipata jambo linalofanana, walipowaelekeza washiriki wakaze macho kwenye sehemu ya macho ya nyuso walizoonyeshwa. Upande wa pili unasema si kuzidiwa, ni kwamba macho hayawaambii kitu. Mwaka huo huo wa 2017 Jennifer Moriuchi, Warren Jones na Ami Klin walifanya jaribio kwa watoto wa miaka 2: waliielekeza mitazamo ya watoto kwenye macho ya mtu aliye kwenye skrini, kisha wakasubiri waone kama watakimbia. Watoto wenye usonji hawakukimbia. Ila macho yale yalipotoa ishara, hawakuongeza muda wa kutazama kama walivyofanya wenzao.

Mimi nimekutana na hali zote mbili. Binti mmoja wa miaka miwili na nusu aliyeletwa kwangu alikuwa akitazama pangaboi likizunguka, kisha akapitisha macho usoni pangu kama alivyoyapitisha kwenye kabati la faili, polepole, bila kushtuka wala kukwepa, akarudi kwenye pangaboi. Hakuwa na hofu hata chembe. Na kijana mmoja, fundi wa simu, aliyeniruhusu nieleze maneno yake bila jina lake, aliniambia kwamba kumtazama mtu machoni ni kama kuwashiwa taa za gari usoni usiku huku unasomewa namba ya simu uiandike. Akitaka kukusikia vizuri hugeuza sikio lake upande wako, macho yakabaki ukutani. Wateja wake wapya hudhani anawadharau, ilhali ndio wakati anaowasikiliza hasa.

Maoni yangu, na nayasema kama maoni, ni kwamba njia hizi mbili hufuatana katika maisha ya mtu mmoja. Mtoto huanza kwa kutopata habari yoyote machoni mwa watu. Kisha anakua miaka mingi akikemewa mintarafu ya macho, akishikwa kidevu, akiambiwa "niangalie" kwa sauti kali, mpaka macho ambayo mwanzo hayakuwa na maana yanageuka kuwa mahali pa kutokea balaa. Mjukuu wako ana miaka 7. Ukelele wake darasani unaniambia kwamba kwake macho ya mwalimu yameshafika huko.

Jambo jingine nataka lifike kwa mama yake mzazi, popote alipo. Mwaka 2013 Warren Jones na Ami Klin walichapisha matokeo ya kuwafuata watoto wachanga tangu umri wa miezi 2. Watoto ambao baadaye walithibitishwa kuwa na usonji walianza wakitazama macho kama wenzao. Kati ya miezi 2 na 6 kutazama huko kukaanza kupungua taratibu. Hii ni njia ya ukuaji wa ubongo ambayo mtoto huingia nayo duniani. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Kilifi na Mombasa, ulionyesha jinsi watu wa pwani ya Kenya wanavyotaja laana, uchawi na mashetani sambamba na sababu za kitabibu, na nina hakika hata kwenu Tanga maneno hayo yamesemwa. Marekani nako, katika miaka ya 1950 na 1960, walikuwapo madaktari waliowabebesha akina mama lawama kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Lawama ile haikuwa na msingi wowote, na wanawake wengi waliibeba mpaka uzeeni. Mama wa mjukuu wako hakukosea namna alivyompakata.

Nije kwenye sura za furaha na huzuni, na kicheko kilichowaudhi mashangazi. Mwaka 2013 Mirko Uljarević na Antonia Hamilton waliunganisha matokeo ya makala 48 zilizopima watu zaidi ya 980 wenye usonji, wakakuta kwamba ugumu wa kutambua hisia usoni upo kweli, lakini ukiondoa upendeleo wa majarida kuchapisha matokeo makubwa tu, ugumu huo unapungua kwa karibu nusu. Sura ya furaha karibu haiwasumbui. Katika kazi yangu naona kwamba uso uliokunjwa kwa hasira kamili, au unaocheka waziwazi, watoto wengi wenye usonji huutambua wakipewa muda. Wanachokosa ni vile vinavyopita upesi na vilivyochanganyika: tabasamu la mgeni aliyechoka lakini hataki kusema, au uso wa mtu anayezuia kilio.

Sasa bibi, naomba wewe na binti yako mtazame mtu analia kwa uchungu katika video, kisha mfunike macho na nyusi zake kwa kiganja. Utaona midomo iliyovutwa kwa pembeni, meno yakionekana, mashavu yamepanda, mabega yanatikisika. Ondoa kiganja, utajua mara moja ni kilio, kwa sababu ya nyusi zilizoinuka kwa ndani na kope zilizojaa maji. Rudisha kiganja, na kilio kinafanana na kicheko kiasi cha kukushangaza. Mjukuu wako, kwa maneno yako mwenyewe, alikutazama mdomo. Inawezekana kabisa kwamba aliona bibi anacheka, naye akacheka pamoja nawe. Inawezekana pia kwamba alitambua kuna jambo zito na mwili wake ukatoa kicheko cha wasiwasi, kama wafanyavyo hata watu wazima katika msiba. Sikuwapo, siwezi kuchagua kati ya hayo mawili. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kukucheka, kwa maana ya kukudhihaki, ndilo jambo lililo mbali zaidi, kwa sababu kumdhihaki mtu kunahitaji kusoma huzuni yake vizuri kwanza.

Kuna fundo jingine hapa. Watu wengi wenye usonji, karibu nusu yao kwa makadirio ya watafiti, wana hali inayoitwa aleksithimia, yaani mtu kushindwa kuitambua na kuipa jina hisia iliyo ndani yake mwenyewe. Mwaka 2013 Richard Cook, Rebecca Brewer, Punit Shah na Geoffrey Bird waliwapima watu wenye usonji na wasio nao, na wakakuta kwamba waliokuwa wakishindwa kusoma hisia usoni ni wale wenye aleksithimia, wawe na usonji au wasiwe nao. Hilo linabadilisha mahali pa kuanzia kumfundisha mtoto. Usianze na picha za nyuso ukutani, anza na mwili wake mwenyewe. Lugha yetu inasaidia na inatatiza kwa wakati mmoja, kwa kuwa hisia zetu tumezipangisha mwilini: moyo unadunda, roho inauma, tumbo joto, maneno yanakata maini. Mtoto wa namna hii ukimwambia roho inakuuma anaweza kutafuta jeraha liko wapi. Lakini ukimshika mkono baada ya kukimbia mvua ya radi, ukauweka kifuani pake na kusema, "Moyo wako unakwenda mbio, hii ndiyo hofu," umempa neno na mahali pake. Akishalijua la kwake, kulitafuta kwa mwingine huwa kazi nyepesi kidogo.

Kisha tochi. Huruma ina sehemu mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku tunazichanganya: kujua mwenzako anahisi nini, na kuguswa na anachohisi. Watu wenye usonji wengi hupata shida katika ile ya kwanza. Ile ya pili mara nyingi ipo, na kwa baadhi yao ipo kwa wingi hadi wanakimbia chumba chenye kilio kwa sababu hawawezi kustahimili. Mtoto aliyetoka chumbani, akaenda mahali anapoweka kitu anachokipenda, akakirudisha na kukiweka juu ya mapaja ya mtu anayelia, hakutenda tendo la mtu asiyeguswa. Alitoa kile kinachomtuliza yeye. Hakukutazama machoni alipokuwa anakitoa, wala hakusubiri kusikia ahsante, na hayo mawili ndiyo yaliyowafanya mashangazi wasikione kilichotolewa.

Nasema hivi bila kuwalaumu mashangazi, kwa sababu kutosomana huku kunakwenda pande zote mbili, na utafiti wa miaka ya karibuni umelionyesha hilo vizuri. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba si haki kuiita shida ya mtu mmoja pale ambapo watu wawili wameshindwa kuelewana. Mwaka 2016 Rebecca Brewer na wenzake waliwaonyesha watu picha za nyuso zilizoonyesha hisia, na ikaonekana kwamba sura za watu wenye usonji zilikuwa ngumu zaidi kutambulika. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake waliwaonyesha watu video za sekunde chache za watu wenye usonji wakizungumza; watazamaji, bila kuambiwa lolote, walikuwa wazito kutaka kuketi nao au kuzungumza nao. Walipopewa maneno yale yale yakiwa yameandikwa tu, bila sura wala sauti, uzito ule uliondoka. Na mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwapanga watu wasimuliane hadithi mmoja hadi mwingine. Watu wenye usonji waliposimuliana wenyewe kwa wenyewe, hadithi ilifika salama kama ilivyofika kwa kundi la watu wasio na usonji. Mjukuu wako anazo sura zake za furaha na za woga. Wewe uliyemlea nadhani unazijua: labda anapiga viganja, labda ananyamaza, labda masikio yanakuwa mekundu. Wafundishe mashangazi kuzisoma.

Nirudi shuleni. Kumlazimisha mtoto kutazama si jambo la mwalimu huyu peke yake. Marekani, katika mafunzo ya tabia yaliyoenezwa na Ivar Lovaas tangu miaka ya 1960, amri ya "niangalie" ilikuwa miongoni mwa masomo ya mwanzo kabisa, na mtoto alipotazama alipewa kipande cha chakula. Watoto wengi walijifunza kutazama. Walichosema baadhi yao baadaye, wakiwa watu wazima, ni kwamba walijifunza kutazama na wakaacha kusikia, kwa kuwa nguvu zote ziliishia machoni. Hilo linaafikiana na jambo ambalo Gwyneth Doherty-Sneddon wa Uingereza amelichunguza kwa miaka mingi: watoto wa kawaida nao hugeuza macho wanapofikiri swali gumu, na mwaka 2012 yeye na wenzake walionyesha kuwa watoto wenye usonji hufanya hivyo hivyo. Mwalimu akimwuliza mtoto saba mara nane kisha amlazimishe amtazame, amempa kazi mbili kwa wakati mmoja na kumnyang'anya nafasi ya kuifanya ile iliyomleta shuleni.

Napendekeza wewe mwenyewe uende ukamwone mwalimu, maana neno la bibi huwa na uzito ambao barua yangu haina. Mwambie kwamba mtoto anasikia huku ameangalia dawati, na kwamba njia ya kujua kama amesikia ni kumwomba arudie alichoambiwa. Mwombe aanze kwa kumwita jina, asubiri kidogo, kisha aseme jambo moja kwa maneno kamili: "Keti," "Fungua daftari la hesabu." Akasirikapo, aseme kwamba amekasirika na sababu yake, kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa uso peke yake hautafikisha ujumbe. Na kama mwalimu ana wasiwasi wa adabu, adabu haina njia moja. Mtoto anaweza kufundishwa kutoa shikamoo kwa sauti inayosikika huku akitazama mkono wa mkubwa anayesalimiwa. Akiwa mkubwa akataka mwenyewe kutazama watu sehemu iliyo kati ya nyusi, kama wafanyavyo baadhi yao kazini, hilo litakuwa chaguo lake, na atajua gharama yake.

Nyumbani, kaa naye bega kwa bega kuliko ana kwa ana. Mazungumzo mazuri ya watoto hawa hutokea wakati wa kuchambua mchele, au mkiwa njiani, wakati macho ya wote wawili yana kazi nyingine. Taja hisia zako kwa jina bila kungoja azione: "Bibi analia, bibi amemkumbuka babu, hujafanya kosa." Sentensi hiyo ya mwisho usiiache, kwani mtoto asiyejua sababu ya machozi anaweza kudhani ni yeye. Kama kuna mashangazi wanaovaa niqabu, waseme jina lao wanapoingia, kwa sababu baadhi ya watoto hawa humtambua mtu kwa mdomo na sauti zaidi kuliko kwa macho, na shangazi aliyenyamaza ndani ya niqabu anaweza kuwa kwake mtu mgeni kabisa. Na barabarani asifundishwe kusoma uso wa dereva kujua kama amepewa njia. Afundishwe kwamba havuki mpaka gari limesimama kabisa na ameshikwa mkono na mtu mkubwa.

Ikiwa hospitali haikumpima masikio na macho ilipothibitisha usonji, omba apimwe, kwa kuwa mtoto anaweza kuwa na usonji na tatizo la kusikia kwa pamoja, na la pili hufichwa na la kwanza. Na ikitokea kwamba mtoto aliyekuwa akikutazama mara moja moja, au aliyekuwa na maneno fulani, ameyaacha ghafla, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke.

Nina ombi moja kwako na kwa binti yako. Kwa wiki mbili zijazo, aandike kwenye daftari kila mara mtoto anapochukua tochi ile: ilikuwa saa ngapi, nani alikuwapo, kulikuwa na kelele au giza, aliiwasha au aliishika tu. Andikeni pia kama ameipeleka kwa mtu mwingine yeyote tangu siku ya arobaini. Mkifika kliniki, daftari hilo litatueleza anakoogopa na anakotulia kuliko nitakavyoweza kujua kwa kumtazama usoni kwa saa moja.